Rahila na Gari la Nyuma

Rahila binti Hamood alijifunza kupanda baiskeli akiwa na miaka arobaini na saba, Ijumaa asubuhi, kwenye uwanja wa kuegesha magari wa duka moja kubwa la Mabela, pembezoni mwa Maskati, kabla halijafunguliwa. Aliyemfundisha ni Bashayer, nesi wa zahanati anayofanyia kazi Rahila, mwanamke mwembamba asiyejua kubembeleza. Bashayer alimshikia tandiko mizunguko mitatu, akaachia bila kumwambia, na Rahila akaenda moja kwa moja mpaka kwenye vigari vya kubebea bidhaa akaviangusha vyote. Aliinuka na goti linavuja damu, akacheka kicheko ambacho hakuwa amekicheka kwa miaka.

Kazi yake ni usimamizi wa maabara ya zahanati. Kutwa yuko na vichupa vya damu, mashine zinazovuma, na madaktari wanaopiga simu kuulizia majibu ambayo bado. Na nyumbani hakuna nafuu. Yupo mumewe, Jaifar. Yupo binti yao, Manal, ambaye huweka simu kwenye spika na kuzungumza nayo chumba hadi chumba. Yupo mama mkwe, anayetaka televisheni ya habari iwake hata akiwa amelala. Safwan, mtoto wa kwanza, anafanya kazi mji wa Sohar, lakini naye hupiga simu kila siku. Katika nyumba ile hazipiti dakika kumi na tano bila mtu kuita Rahila, au Mama, au Umm Safwan, yaani mama wa Safwan.

Baiskeli ilikuwa imuondoe katika hayo. Baada ya mwaka mmoja alinunua ya matairi membamba, ya safari ndefu, na miezi ya baridi akawa anakwenda nayo kila Ijumaa alfajiri kwenye barabara ya kijiji cha Yiti, ng'ambo ya mtaa wa Ruwi, pale lami inapoingia kati ya majabali meusi na kuteremka mpaka baharini. Alivaa suruali pana, kanzu fupi ya mikono mirefu, na kitambaa chepesi chini ya helmeti. Nyuma yake, hatua ishirini, mwendo wa baiskeli, alikuja Jaifar na Land Cruiser, taa zote nne za tahadhari zikiwaka na kuzimika.

Jaifar si mtu mbaya, na hilo ndilo lililomkera Rahila kuliko yote. Angekuwa mkali, angejua la kumwambia. Lakini Jaifar aliamka saa kumi alfajiri siku yake ya mapumziko, akachemsha chai ya maziwa, akapakia baiskeli kwa mikono yake, akamfuata bila kulalamika. Rahila akipunguza mwendo, naye anapunguza. Lori likija, anapiga honi kumtahadharisha, na Rahila hushtuka nusura aanguke kwa honi ya mlinzi wake mwenyewe.

"Unanishtua," alimwambia siku moja.

"Bora ushtuke," alijibu Jaifar, "kuliko usishtuke."

Kwa miaka ishirini na sita Jaifar alikuwa mkaguzi wa magari yaliyogonga, katika kampuni ya bima. Kila siku alikuwa katika uwanja wenye jua kali, akizunguka mabati yaliyokunjamana na daftari mkononi, akiandika kilichovunjika na kilichopona. Mara moja tu katika ndoa yao alimsimulia Rahila alichokikuta chini ya kiti cha nyuma cha gari moja: kiatu cha mtoto, kimefungwa kamba vizuri. Hakurudia tena habari hiyo, na Rahila hakumuuliza. Lakini kwa kuwa aliijua, hata hasira yake haikumtoka sawasawa. Ilimkaa kifuani kama chakula kisichoshuka.

Fikra ya Ufaransa ilitoka kwenye simu. Mchana mmoja, wakati wa chakula, akitafuta namna ya kubadilisha gia mlimani, Rahila aliangukia filamu ya mtu aliyefunga kamera kwenye usukani na kupita ndani ya korongo la mto Tarn, kusini mwa nchi ile. Filamu ilikuwa ya saa moja na dakika kumi. Haina muziki wala maneno. Ni mlio wa cheni, maji chini, ndege, na kila baada ya muda kijiji cha zamani cha mawe, nyumba zimebanana chini ya genge, mlango mmoja wazi, paka, kengele ya kanisa, kisha kijiji kimekwisha na barabara inaendelea. Aliiangalia yote, wali ukampoa. Kesho yake akaiangalia tena. Kwa miaka mitatu aliiangalia mpaka akajua ni kona ipi inayofuatwa na handaki.

Alipomwambia Jaifar kwamba anataka kwenda, Jaifar hakukataa. Hilo nalo lilimkera, maana alishajitayarisha kubishana.

"Mimi nnapanda baskeli," alimpangia. "Wewe unachukua gari na mizigo, unatangulia kijiji cha mbele, unakunywa kahawa, unanisubiri. Hunifuati."

"Inshallah," alisema Jaifar, macho yakiwa kwenye orodha ya magari ya kukodi.

"Sema sawa."

"Nimesema inshallah, Umm Safwan. Unataka nini zaidi ya hilo?"

Walifika Millau, mji ulio mdomoni mwa korongo, mwezi wa Juni, wakati Maskati hata ukuta wa kivulini ukiugusa unaunguza. Walipanga siku nne. Rahila alikodi baiskeli nyepesi ya buluu, na asubuhi ya kwanza Jaifar akatangulia na gari dogo jeupe kama walivyokubaliana, akapotelea kwenye kona.

Mambo yalikuwa mazuri kwa dakika ishirini. Barabara nyembamba, miti ya cheri pande mbili, matunda yameiva mekundu, na hewa ya ubaridi iliyomfanya atake kuivuta tu. Alianza kuisikia cheni yake. Kisha akalipita gari jeupe limeegeshwa kando, na alipogeuza shingo akaliona linaingia barabarani polepole, taa nne zikiwaka na kuzimika.

Alinyoosha mkono kumwashiria apite. Jaifar akatoa mkono dirishani kumwashiria aendelee.

Barabara ile haikujengwa kwa mambo hayo. Upande huu mwamba, upande ule ukuta mfupi, na chini yake mto. Nyuma ya Jaifar ikajipanga gari ya posta, kisha gari kubwa lenye nyumba ndani, kisha trekta, kisha watu ambao Rahila hakuwaona ila aliwasikia, kwa sababu walipiga honi. Honi ziligonga genge la huku zikarudi kutoka la kule. Kundi la wazee wenye baiskeli likawapita wote, na mzee wa mwisho akamwamkia Rahila kwa sauti ya chini, kama mtu anayetoa pole msibani.

Dirisha likashuka.

"Maji unataka?"

"Nnayo."

"Kuna kona mbele."

"Kona tupu huku, Jaifar, mwanzo mpaka mwisho."

Dirisha likapanda. Likashuka tena. "Manal anauliza iliki iko wapi."

Walipofika kijiji cha kwanza, pale mito miwili inapokutana, Rahila aliegemeza baiskeli ukutani na kukaa kwenye meza ya nje ya mkahawa bila kuvua glavu. Juu kabisa, mbele ya ukingo wa mwamba, tumbusi walikuwa wakizunguka bila kupiga bawa. Alikuwa amesoma habari zao kwa miezi. Sasa aliwatazama kama mtu anayetazama feni.

Jaifar alikuja na mfuko wa cheri, amezikosha. "Kula. Zimeiva hizi."

"Tulikubaliana nini sisi?"

"Nimekaa nyuma tu. Nnakuharibia nini? Hata sijakusemesha mara kumi."

"Mara kumi na nne."

"Ulihesabu?"

"Sikuwa na jingine la kusikiliza."

Jaifar aliweka mfuko mezani, akautengeneza usimwagike. "Barabara nyembamba hii," alisema kwa sauti ya taratibu. "Mtu anatoka huko na kasi zake, anachungulia simu. Hakuoni. Mimi nnajua inavyokuwa, Rahila." Naye Rahila akajua kwamba anajua, na mazungumzo yakakwama palepale yanapokwama siku zote.

Siku ya pili Jaifar alitimiza ahadi kwa namna yake. Alitangulia kweli. Ila kila baada ya kilomita mbili, kwenye kila kijisehemu cha kuegesha, Rahila alimkuta amesimama kando ya barabara, chupa ya maji mkono mmoja, simu mkono mwingine, anampiga picha za video. Akishampita, naye huingia garini, humpita, huenda kumngojea mbele. Picha alizituma nyumbani, kwenye kundi la familia. Walipotulia mchana alimsikilizisha majibu. Mama mkwe alisema Rahila amekonda. Wifi mmoja alisema kile kitambaa kimerudi nyuma mno. Safwan aliuliza gari ni ya mwaka gani. Karibu na mkahawa, vijana walikuwa wakiteremsha vimashua vya plastiki mtoni, maji ya kijani, meupe tu yanapopita juu ya mawe. Rahila alikuwa amekuja kutoka mbali sana kuyasikia maji yale, na aliyokuwa akiyasikia ni sauti ya wifi yake.

Mwenye nyumba waliyolala usiku huo, mama wa makamo anayeongea Kiingereza cha kuokoteza, aliwatazama wakipakua mizigo. "Huyu bwana," alimuuliza Rahila, "ni polisi wako au daktari wako?"

"Mume wangu," alisema Rahila.

"Ah," alisema yule mama, akaenda kuchemsha maji.

Siku ya tatu, walipotoka kijiji cha Sainte-Énimie, barabara ilikuwa imefungwa. Mvua ya wiki iliyopita ilikuwa imeangusha mawe. Wafanyakazi wawili wenye fulana za rangi ya chungwa walikuwa wamekaa kwenye kizuizi wanakula mkate. Mmoja alionyesha ramani: magari yapande juu, yazunguke uwanda wote wa juu, yateremkie upande wa pili, kilomita hamsini na kitu. Kisha akaiangalia baiskeli. Saa hii mashine ya kuondolea mawe imezimwa, alieleza kwa Kiingereza kidogo na ishara. Mtu wa baiskeli anaweza kuibeba hatua chache penye mawe, halafu njia yote nyeupe mpaka kijiji cha mbele, kilomita kumi na nne.

Jaifar alikwishafungua mlango wa nyuma wa gari. "Haya, lete tuipakie."

"Mimi napita," alisema Rahila.

"Unapita wapi? Mawe yameanguka."

"Yameshaanguka. Yamebaki machache. Umemsikia."

Jaifar alikuja akashika usukani wa baiskeli, si kwa nguvu, kama mtu anayeshika mkono wa mtoto penye barabara. "Rahila. Nimekaa miaka ishirini na sita naandika magari."

"Nnajua."

"Basi usinifanye mwendawazimu."

"Jaifar," alisema Rahila, "barabara imefungwa. Humo ndani hamna gari hata moja. Hamna lori, hamna mtu na simu yake. Tangu nianze kupanda baskeli sijapata njia salama kama hii. Sasa niambie unaogopa nini."

Wale wafanyakazi waliacha kutafuna. Hawakuelewa neno lakini walielewa.

"Ondoa mkono," alisema Rahila.

Aliuondoa.

Alibeba baiskeli kupita mawe, akapanda, akaondoka bila kugeuka. Na hapa ndipo yalipomfika ambayo hakuyatarajia. Kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kubishana naye, alianza kubishana peke yake. Kila alilolimeza kwenye barabara ya Yiti lilimpanda. Alimwambia Jaifar habari ya honi. Alimwambia habari ya kwenda dukani pamoja, ya kupigiwa simu akichelewa kazini dakika saba, ya safari ya Umra aliyotaka kwenda na dada zake. Alijibu na yale ambayo Jaifar angejibu, kisha akayajibu hayo. Alikanyaga pedeli kwa hasira, midomo ikimcheza. Alipokuja kuzinduka, alama ya kando ya barabara ilimwambia amekwenda kilomita tano. Hakukumbuka hata kona moja. Filamu nzima ya miaka mitatu imempita pembeni, na yeye yuko Mabela, jikoni, anagombana.

Alifunga breki. Alikaa juu ya ukuta mfupi, akavua helmeti, akalia kidogo kwa hasira. Kisha akala tende mbili alizokuja nazo kutoka nyumbani. Baada ya muda aligundua kwamba anausikia mto. Alikuwa anausikia muda wote ule, tangu alipokaa.

Kilomita zilizobaki alizipata. Alikwenda polepole makusudi. Palikuwa na kitongoji cha nyumba saba ng'ambo ya mto, zimekwama kwenye mwamba bila barabara yoyote ya kuzifikia, na waya umevutwa juu ya maji wa kuvushia vitu. Mahali pengine barabara iliingia ndani ya jiwe lenyewe, maji yakimdondokea mgongoni. Palikuwa na bibi mmoja kwenye bustani ya mboga aliyeinua kichwa, akainamia tena vitunguu vyake. Hakumtakia safari njema wala hakumuuliza kitu. Rahila aliona amepewa zawadi.

Akafika. Jaifar hakuwepo.

Simu haikushika mtandao sehemu ile ya korongo. Alikaa kwenye ngazi za kanisa saa moja, akiwa bado na furaha. Saa ya pili alianza kutazama barabara inayoteremka kutoka juu, imejipinda mara nane kwenye ubavu wa mlima, bila ukuta. Saa ya tatu alikuwa anaijua kila kona. Aliona gari jeupe likianguka kwenye kila moja. Aliwaza viatu vya Jaifar, vile vya kahawia anavyovipiga brashi hata safarini, na alipogundua anawaza viatu alisimama akatembea huku na huku kwa hasira, kwa sababu hata utulivu ule mdogo aliokuja nao umeshakwisha, na mwenye kuumaliza ni yeye mwenyewe.

Gari lilitokea saa tisa na nusu, limechubuka ubavu mmoja. Jaifar alishuka uso umemvimba kwa jua. Ramani ya simu ilimwingiza kwenye njia ya shamba. Akarudi kinyumenyume baina ya kuta mbili za mawe. Akasimamishwa na kondoo nusu saa.

"Mbona umechelewa namna hii?" alisema Rahila. Sauti yake ilitoka kali.

Jaifar alimtazama. "Unaniuliza wewe?"

Jioni walikaa kula. Jaifar alikata mkate vipande vidogo vidogo, hakuvila. "Huko juu hakuna mtu," alisema mwishowe. "Saa nzima sikuona nyumba. Majani tu na mawe."

"Ukaonaje?"

"Vibaya," alisema Jaifar. "Nilikuwa sina wa kumtazama."

Siku ya nne mvua ilinyesha kutoka asubuhi mpaka jioni. Walikaa kwenye chumba cha hoteli wakitazama maji yakitiririka kwenye vigae vya paa la mbele, Manal akapiga simu mara tatu. Rahila alifanya hesabu kichwani: siku nne, safari ya ndege mbili kwenda na mbili kurudi, miaka mitatu ya kungoja, na kilomita tisa. Alitaka kuvunja kitu. Alikunja nguo badala yake.

Huenda wengine wangesema safari iliwapatanisha. Haikuwapatanisha. Walirudi Mabela kila mmoja amenuna upande wake, na joto likawafungia ndani mpaka mwisho wa Septemba. Lakini jioni moja ya Oktoba, Jaifar akiwa anamenya vitunguu saumu jikoni, Rahila alisimama mlangoni akasema bila utangulizi: "Ijumaa nnakwenda Yiti. Nnapakia baskeli mwenyewe, gari langu. Wewe unabaki."

Alijua majibu yote ya Jaifar, kwa kuwa alishayajibu kule korongoni. Hili lililofuata hakuwa nalo.

"Na mimi nifanye nini Ijumaa?" alisema Jaifar.

Aliuliza kweli, kisu kimesimama mkononi. Rahila hakuwahi kufikiri kwamba zile asubuhi zilikuwa na mtu mwingine ndani yake. Ilimuuma, na papo hapo ikamkera kwamba imemuuma.

"Sijui, Jaifar," alisema. "Lakini nnakwenda."

Alikwenda. Barabara ya Yiti haikuwa korongo la Ufaransa. Malori ya mchanga yalimpita karibu, gari la vijana lilimpigia honi na kucheka, upepo wa pwani ulimrudisha nyuma kilomita nne nzima. Nyuma yake hapakuwa na mtu. Aliporudi nyumbani saa nne, Jaifar alikuwa kibarazani, gari ameliosha linang'aa, na tairi la akiba amelishusha akalikosha nalo.

"Upepo ulikuwaje?" aliuliza.

"Wa mbele," alisema Rahila, akakaa naye, akamsimulia kidogo.

Ijumaa ya tatu alisimama kwenye kilele cha mwisho, pale bahari inapoonekana, kutazama saa kwenye simu. Juu ya kioo palikuwa na maandishi madogo aliyokuwa hajayaona: mahali ulipo panaonekana kwa Baba. Ni kazi ya Manal, aliyemwandika Jaifar hivyo. Alifungua, akaona imewashwa tangu Ijumaa ya kwanza aliyotoka peke yake. Wiki zote zile Jaifar alikuwa amekaa kibarazani akimtazama akitembea kama nukta ya buluu.

Damu ilimpanda mpaka masikioni. Kidole kilikaa juu ya neno la kuzima, kikakaa, kikakaa. Alijua akizima, hakuna atakayesema kitu. Alijua pia kibaraza kile kitakuwaje, Jaifar akiwa hana wa kumtazama.

Akaiacha. Akairudisha simu mfukoni, akavuta zipu, akangoja lori la mchanga limpite, kisha akateremka kwenda Yiti.